Ubovu wa malori na kubadilisha injini Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uyole, Mbeya, ndipo barabara ya Kyela inapoachana na ile ya TANZAM (ya Dar es Salaam kwenda Zambia), kwa hiyo karakana za huku hupokea kila aina ya gari: semi za Tunduma zilizopanda mlima Kitonga na shehena ya Zambia, Fuso za mchele wa Kyela na ndizi za Tukuyu, matipa ya kokoto, malori ya mbao kutoka Mafinga na Njombe. Maswali ya madereva na matajiri wao yanafanana sana. Nimeyajibu hapa kama ninavyowajibu wanapofika, na nimewaandikia pia vijana wanaojifunza kazi, maana wengi wanafungua injini kabla ya kuipima.

Gari langu limekosa nguvu mlimani. Fundi anasema injini imekwisha, nifanye ovahoo (kuifungua yote na kubadilisha vilivyolika). Nikubali?

Usikubali kwanza. Injini inayochoka kweli huchoka polepole. Inaanza kula oili, inasumbua kuwaka asubuhi, inatoa mvuke mwingi kwenye bomba lake la kupumulia, na dereva anaona mabadiliko mwezi hadi mwezi. Nguvu ikipotea ndani ya safari moja, mara nyingi tatizo liko nje ya injini.

Anza na hewa. Toa ea klina, yaani chujio la hewa, uitazame. Vumbi la barabara za mashambani linaiziba kuliko watu wanavyodhani, na kuigongagonga kwenye tairi kunaharibu karatasi yake. Kisha fuata mipira yote kutoka kwenye tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) kwenda intakula (rejeta ya kupoza hewa hiyo) na kutoka intakula kwenda kwenye injini. Mpira uliopasuka kwa chini hauonekani ukiwa umesimama. Pitisha mkono, tafuta mafuta mafuta na vumbi lililonata, hapo ndipo upepo unapotokea. Shafti ya tabo ishike kwa vidole injini ikiwa imezimwa na imepoa: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, lakini pangaboi zikigusa hausing, au shafti ikienda mbele na nyuma, tabo hiyo imekwisha.

Halafu dizeli. Filta kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi. Ukishabadilisha na hali ikabaki vile vile, funga kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani kwenye njia ya kutoka tenki kwenda pampu, uwashe, utazame. Povu likipita, kuna mahali njia inanyonya hewa: nati iliyolegea, bomba lenye ufa, au washa ya shaba iliyotumika mara nyingi mno.

Kuna Fuso ya mchele iliyoletwa kwetu ikitokea Kyela. Tambarare ilikwenda vizuri. Ikianza kupanda kuelekea Tukuyu inafifia hadi inazima, ikipumzika kidogo inawaka na kuvuta tena kama haijawahi kuumwa. Pampu ya dizeli ilishafunguliwa kwingine na nozo (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zilishabadilishwa. Ilipozima tena tulifungua mfuniko wa tenki, na hewa ikaingia kwa mvumo uliosikika hadi upande wa pili wa gari. Kitundu cha tenki cha kupumulia kilikuwa kimezibwa na matope makavu. Dizeli ikinyonywa hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwishowe pampu inashindwa kuvuta. Kilichohitajika ni kipande cha waya na kitambaa.

Vitu vingine viwili husahaulika. Kimoja ni eksozi breki (kizibo cha njia ya moshi kinachopunguza mwendo) iliyogoma kufunguka. Moshi hautoki, gari linakuwa zito, na injini inalaumiwa bure. Kingine ni breki zinazoshika: baada ya kwenda kilomita chache bila kutumia breki sana, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo inayokula nguvu zako. Na klachi inayoteleza utaijua kwa mlio: injini inapanda mzunguko, gari haliongezi mwendo.

Ukimaliza yote hayo, kumbuka mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo lazima ipungukiwe nguvu ikifika huku, hata ikiwa mpya. Yenye tabo inavumilia vizuri zaidi. Dereva anayetoka Kyela, kwenye mita 500 hivi, atahisi tofauti hiyo kabla hajafika Uyole, na hakuna spana ya kuiondoa.

Rangi ya moshi inasema nini?

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: ea klina imeziba, mpira wa tabo umepasuka, nozo inamwaga badala ya kupuliza, au pampu imefunguliwa zaidi ili gari "livute". Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe una maana mbili. Kama unawasha macho na unanuka dizeli mbichi, dizeli haiungui yote, na injini baridi alfajiri hufanya hivyo kwa dakika chache. Kama hauwashi macho, unaendelea hata injini ikipata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua, hayo ni maji yanaingia kwenye silinda.

Usihukumu kwa moshi peke yake. Unakuonyesha mlango wa kuanzia tu.

Linachemsha likipanda Kitonga, lakini tambarare geji iko sawa. Kwa nini?

Kwa sababu Kitonga inadai yote kwa pamoja: mzigo kamili, gia ndogo, mwendo mdogo ambao hauleti upepo kwenye rejeta, na joto la bonde la Ruaha Mbuyuni unakotokea. Mfumo wa kupoza uliopungua uwezo kidogo hautaonekana popote pengine, lakini hapo utaonekana.

Angalia mfuniko wa rejeta kabla ya kitu kingine chochote. Wengi wanauona kama kizibo. Kazi yake ni kushikilia presha. Kwenye mwinuko wa Mbeya maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, siyo 100. Mfuniko mzima wenye presha ya bar 0.7 unayapandisha hadi zaidi ya nyuzi 110 kabla hayajachemka. Ukiweka mfuniko uliochoka, au ule wa gari dogo kwa kuwa umeingia, umejinyima nyuzi zaidi ya kumi na tano za usalama, na huku juu ndiko unakozihitaji. Usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kama abiria na polisi wote wanakuharakisha. Tumeona mikono na nyuso zilizoungua.

Baada ya mfuniko, rejeta kwa nje. Kati ya rejeta na intakula kuna nafasi nyembamba ambamo vumbi, makapi ya mpunga na wadudu hujaa, na mtu akitazama kwa mbele haoni. Inabidi kuzitenganisha na kupuliza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kisha ndani yake: ukiwa umetumia maji ya kisima kwa muda mrefu, chokaa imeganda kwenye mirija. Injini ikiwa na joto la kawaida na feni imesimama, pitisha mkono juu ya rejeta yote. Sehemu iliyo baridi peke yake imeziba.

Feni yenye klachi ya oili izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na bado ina moto. Ikizunguka kirahisi kabisa, klachi yake imekufa. Ikikaza, iko hai. Belti nayo isiwe inang'aa upande wa ndani.

Sasa thamostati, valvu inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. Huku imekuwa desturi kuitoa na kuitupa gari likichemsha. Ninaipinga desturi hiyo kwa nguvu zangu zote. Kwenye injini nyingi za malori thamostati ikifunguka huwa inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kupozwa. Mlimani gari litachemsha zaidi, na baridi ya Mafinga asubuhi injini itakaa bila joto lake la kazi, oili itabaki nzito, laina (kuta za silinda) zitalika. Ipime: itie kwenye sufuria ya maji jikoni uone kama inafunguka. Kama haifunguki, nunua nyingine.

Na tafadhali weka kulanti (maji ya rejeta yenye dawa). Injini nyingi za malori zina laina zinazoguswa na maji moja kwa moja. Pistoni ikigonga, laina inatikisika, viputo vinazaliwa na kupasuka juu ya chuma, na bila dawa iliyomo kwenye kulanti vinatoboa laina kwa vitundu vidogo kama vya sindano. Siku moja maji yanaingia kwenye oili, na tajiri anashangaa kwa kuwa gari "halijawahi kuchemsha".

Nitajuaje kama gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imeungua?

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta hadi juu, acha mfuniko wazi, washa, utazame maji. Viputo vinavyopanda mfululizo, vikiongezeka unapokanyaga mafuta, ni hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla joto halijapanda. Lakini ujue kompresa ya upepo inayopozwa kwa maji nayo ikipasuka hedi yake huleta viputo hivyo hivyo. Toa kwanza mipira ya maji ya kompresa na uitenge, kisha pima tena.

Kuhusu oili na maji kuchanganyika, tofautisha pande mbili. Ukikuta oili inaelea kwenye rejeta, mshuku kwanza oil kula (kifaa cha kupoza oili). Injini ikifanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oil kula ikitoboka oili ndiyo inayokwenda upande wa maji. Ukikuta maji kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, tazama gasketi, raba za chini za laina, au hedi yenye ufa. Ili kujua ni ipi, fungua sampo, tia presha kwenye rejeta kwa pampu ya kupimia, lala chini na tochi. Maji yanayochuruzika kando ya laina yatakuambia ni silinda ya ngapi. Kazi hii inachukua nusu siku na inaokoa wiki nzima. Nimesikitika kuona hedi zikipelekwa kusagwa wakati ubovu ulikuwa kwenye oil kula inayofunguliwa kwa bolti chache.

Oili inapungua, lakini chini hakuna hata tone.

Kuna njia tatu. Inaungua kwenye silinda, na utaona bluu hasa unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena. Inapita kwenye tabo; vua mpira wa intakula, ukikuta oili imetuama, hapo. Njia ya tatu ni kompresa ya upepo: fungua koki za matanki ya breki, na ukiona oili nyeusi inatoka pamoja na maji, ringi za kompresa zimechoka. Hiyo usiipuuze, kwa kuwa oili hiyo inakwenda kuharibu raba za valvu zote za breki.

Injini inagonga. Niendelee hadi Makambako?

Hapana. Tazama geji ya oili. Ikiwa imeshuka na kuna mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaozidi ukikanyaga, zima hapo hapo, hata kama ni porini. Beringi iliyoanza kunoki inaweza kurekebishwa kwa kusaga krenki shafti (mhimili mkuu wa injini). Konrodi (mkono wa pistoni) ikishatoboa bloku (mwili wa injini), umepoteza injini.

Kama presha ya oili ni nzuri na mlio ni mkali, wa juu, huenda ni nozo. Kwenye pampu za zamani zenye bomba moja kwa kila silinda, legeza nati ya bomba moja moja injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta). Mlio ukitoweka kabisa ulipolegeza ya tatu, shida ni nozo ya tatu. Ukipungua tu au kubadilika sauti, ni pini ya pistoni au beringi ya silinda hiyo.

Usifanye hivyo kamwe kwenye injini ya komoni reli (bomba moja la presha linalolisha nozo zote). Humo dizeli iko kwenye presha inayozidi bar 1,000, na mchirizi mwembamba unapenya ngozi bila hata kuumiza sana mwanzoni. Mtu akipigwa nao apelekwe hospitali saa ile ile na aseme wazi kuwa ni dizeli ya presha. Kesho yake mkono unaweza kuwa haufai tena.

Nikilala Njombe au Makete, asubuhi haliwaki.

Pima betri kabla ya kuvuta gari. Malori mengi yana volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa, na kila moja ikijaa husoma kama 12.6. Unapopiga stata, zote kwa pamoja zisishuke sana chini ya volti 19. Pima na moja moja pia, maana mbovu moja huivuta nzima. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 27.5 na 28.5 hivi.

Kama stata inazungusha kwa nguvu lakini haliwaki, na bombani hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Huenda kuna valvu iliyochoka inayoacha dizeli irudi tenki usiku kucha. Piga pampu ya mkono hadi ikaze, jaribu. Moshi mweupe ukitoka bila kuwaka, dizeli inafika, joto au kompresheni ndiyo haitoshi. Msiwashe moto chini ya sampo wala tenki. Na wale wa kupuliza dawa ya kuwashia kwenye ea klina: gari lenye hita ya hewa kwenye manifodi linaweza kulipuka hapo, na hata lisilo nayo linavunja ringi.

Kuna mafundi wa mashine ya kompyuta. Je, mashine haimalizi kila kitu?

Ninaiheshimu mashine, na kwa injini za umeme (zinazoongozwa na kompyuta) huwezi kufanya kazi bila hiyo. Lakini kodi (namba ya kosa inayosomwa na mashine) inasema dalili ilionekana wapi, haisemi chanzo. Kodi ya presha ndogo ya tabo haina maana ya kununua tabo. Inaweza kuwa mpira, sensa yenye oili, au waya uliosagwa na fremu. Fundi akisoma kodi na kutaja spea papo hapo bila kushika mita wala kulala chini ya gari, anabahatisha kwa pesa yako. Mwombe pia akuonyeshe namba zinavyokwenda injini ikiwa imebeba mzigo, kwa sababu sailensa haionyeshi mengi.

Nifanye ovahoo au nibadilishe injini nzima?

Fungua sampo na hedi, pima, halafu amua. Laina, pistoni, ringi na beringi zikiwa ndizo zilizolika, bloku ni nzima na krenki shafti inasagika kwa saizi inayopatikana madukani, ninapendekeza ovahoo. Injini yako unaijua historia yake. Bloku ikipasuka, au krenki imevunjika, au konrodi imetoka nje, nenda kwenye injini nyingine. Katikati ya hapo kuna hesabu: andika gharama ya kila spea pamoja na kusaga, uilinganishe na bei ya injini iliyotumika, kisha ongeza siku ambazo gari litalala. Tajiri mwenye mkataba wa kusafirisha mzigo hupoteza zaidi kwa gari kulala kuliko kwa spea.

Ovahoo ya nusu, ya kubadilisha ringi tu na kuacha laina zilizolika, siifanyi kwa mtu yeyote. Itarudi.

Nikinunua injini iliyotumika, nitazame nini?

Nenda na fundi wako na tochi. Usiridhike na rangi mpya iliyopulizwa juu yake, rangi huficha uvujaji. Izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama mahali, iache. Toa nozo, mulika ndani, tafuta kutu kwenye laina, kwa sababu injini zilizokaa wazi mvuani huingiwa na maji. Sisitiza sampo ifunguliwe. Vua kifuniko kimoja cha beringi uone sura yake: ikiwa imebadilika rangi au shaba imeanza kuonekana, bei ishuke au uondoke. Chungulia matundu ya maji. Yenye kutu nyekundu nene ilikuwa ikitumia maji matupu.

Kwa injini ya umeme, hakikisha unachukua boksi lake la kompyuta na waya zake zote zikiwa hazijakatwa. Aliyekata waya kwa msumeno ili aitoe haraka amekuuzia chuma tu. Na soma namba ya injini kwenye bloku kwa macho yako. Iliyokwanguliwa usiiguse.

Injini ya aina nyingine inaweza kuingia kwenye gari langu?

Kuingia, ndiyo, karibu kila kitu kinaingia ukiwa na gesi na mashine ya kuchomelea. Kufanya kazi vizuri ndiyo habari nyingine. Kwa Fuso, 6D14, 6D15, 6D16 na 6D17 ni ndugu wa familia moja. Ya 6D14 ina lita 6.5 hivi, 6D16 lita 7.5, na 6D17 lita 8.2. Kupanda kutoka ndogo kwenda kubwa ndani ya familia hiyo ni kazi ya kawaida, mradi uangalie sampo imekaa mbele au nyuma, hausing ya flaiwili, ukubwa wa klachi, na kama ina tabo au haina.

Kwa Scania, namba za zamani zinakusaidia. 113 ni lita 11 ya toleo la tatu, 124 ni lita 12 ya toleo la nne, lile lililoanza mwaka 1995. Lakini 124 mbili zinaweza kutofautiana kabisa upande wa dizeli: zipo zenye pampu ya pembeni, na zipo ambazo kila silinda ina nozo yenye pampu yake, inayoongozwa na kompyuta. Ukichanganya hizo mbili utahangaika na waya mwezi mzima. Howo nyingi zilizoko barabarani zina injini ya WD615, ukoo wa Steyr wa lita 9.7, na uzuri wake ni spea kupatikana hadi Tunduma.

Ukiongeza nguvu, ongeza na rejeta. Giaboksi, propela na difu navyo vina kikomo chake.

Kazi yenyewe ya kutoa na kuweka inakwendaje?

Gari likae kwenye sakafu ngumu, vigingi kwenye tairi, betri zitolewe, kebini iinuliwe na fimbo yake ya usalama ifungwe. Mwaga maji na oili kwenye vyombo, siyo mtaroni. Piga picha kwa simu kila upande kabla ya kufungua chochote, na kila waya na kila bomba lipewe kipande cha tepu chenye namba. Utingo anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa ukimweleza. Ziba kila tundu la dizeli na la tabo kwa kitambaa safi. Vumbi la siku moja ya upepo wa Julai linatosha kuua pampu.

Toa intakula na rejeta, mipira, eksozi, kisha shusha giaboksi kwa jeki yake au uisogeze nyuma ikiwa imeegemezwa. Injini ya semi ina uzito wa tani moja hivi. Tumia cheni bloku iliyoandikwa uwezo wake na fremu ya chuma, na fungia kwenye masikio ya injini yenyewe. Usitundike kwenye tawi la mti wala nguzo za mbao, na mtu yeyote asipitishe kichwa wala mguu chini yake, hata kwa sekunde.

Injini ikiwa nje, linganisha mbili bega kwa bega: maunting, geji, tundu la stata, urefu wa shafti ya mbele. Huu ndio wakati wa kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, maunting zilizopasuka na beringi ya klachi. Ni spea za bei ndogo, na kuzifikia baadaye ni kurudia kazi yote.

Unapounganisha giaboksi, disk ya klachi iwe imewekwa katikati kwa shafti ya kulengea. Giaboksi iingie yenyewe hadi igusane na hausing. Ikikataa, tafuta sababu. Ukiivuta kwa kukaza bolti utapindisha disk au kuvunja sikio la hausing. Isining'inie pia kwenye shafti yake hata kwa muda mfupi. Bolti zote kubwa zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha injini ile ile, siyo kwa kukisia nguvu ya mkono.

Kabla ya kuwasha, jaza oili, mimina kidogo kwenye bomba la oili la tabo, kata dizeli, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande. Ndipo utoe upepo kwenye dizeli na uwashe. Acha sailensa, usikanyage. Zunguka na tochi kutafuta uvujaji, jaza maji yanaposhuka. Safari ya kwanza iwe bila mzigo, Uyole hadi Igurusi na kurudi, kisha kagua tena nati zote.

Nimeweka injini nyingine, baada ya miezi michache nayo imekufa. Niliuziwa mbovu?

Inawezekana. Lakini nitakuuliza kwanza ile ya mwanzo ilikufa kwa nini, na mara nyingi tajiri hana jibu. Injini iliyokufa kwa joto imeacha rejeta iliyoziba garini, na rejeta hiyo inaisubiri ya pili. Tabo iliyovunjika imeacha vipande vya chuma na oili ndani ya intakula. Beringi zilizosagika zimejaza unga wa chuma kwenye oil kula, na kuisafisha kikamilifu haiwezekani, ibadilishwe. Dizeli chafu bado imo tenkini. Kwa hiyo kwetu hatufungi injini ya pili kabla hatujakubaliana na mwenye gari juu ya kilichoiua ya kwanza, na kukiondoa. Baadhi huondoka na kwenda kwingine kwa sababu ya msimamo huo. Nauendeleza.

Kadi ya gari je?

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadilisha, tunza hati ya mauzo, gari likaguliwe, upeleke taarifa TRA ili kadi irekebishwe, na uijulishe kampuni yako ya bima. Fanya hivyo kabla ya safari ya kwanza ya kuvuka mpaka Tunduma au Kasumulu.

Baada ya kubadilisha injini, naweza kupakia na kushuka mteremko wa Inyala au Iwambi siku hiyo hiyo?

Usishuke kabla ya kupima breki upya, kwa sababu kompresa na eksozi breki vimeguswa. Jaza upepo hadi bar 8 au kiwango cha gari lako, zima injini, kanyaga breki uishikilie, tazama geji kwa dakika kadhaa. Ikishuka huku umekanyaga, kuna mahali panavuja, patafute kwa maji ya sabuni. Kisha kanyaga na kuachia mara nyingi: king'ora kinapaswa kulia upepo ukikaribia bar 5. Jaribu eksozi breki kwenye mteremko mdogo. Zungusha slaki ajasta (virekebishi vya breki kwenye kila tairi) zote upate nafasi sawa kila tairi, na trela isisahauliwe. Mteremkoni, ingia na gia ndogo ukiwa bado juu, kwa kuwa katikati ya Iwambi hakuna tena nafasi ya kuitafuta.